Sifuri za Laeken

Kabla sijaanza kazi kwa Papa Prof, ndege niliyemfahamu vizuri alikuwa kuku. Wengine wote niliwachukulia kama majirani wa jengo la pili: wapo, wanapiga kelele, hayanihusu. Sikujua kwamba ipo siku nitasimama dirishani, ghorofa ya nne, mtaa wa Laeken, Brussels, nimevaa koti ndani ya nyumba kwa sababu mzee ameamuru dirisha liwe wazi, nikihesabu ndege ambao hawapo.

Papa Prof alikuwa mtu wa Bukavu kama mimi. Alikuja Ubelgiji zamani, bado kijana, kusomea biolojia. Akabaki, akafundisha sekondari mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yake wa pekee aliishi Liège. Mimi nilipangiwa kwake na shirika linalotuma wasaidizi majumbani. Nadhani waliona kwamba wote wawili tunasema Kiswahili, wakafurahi, wakafunga faili. Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, kumpa dawa na kumsindikiza kwa daktari. Ndege hawakuandikwa popote kwenye mkataba. Niliusoma mara mbili kuhakikisha.

Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Aliona vitu vya pembeni, lakini chochote alichokitazama moja kwa moja kilimezwa na doa. Ukitaka akuone, ulisimama kando, naye akatazama ukuta. Alikuwa ametazama ndege kwa miaka arobaini, na watazamaji wengine wa Brussels walimheshimu kwa jambo moja: hajawahi kusema ameona kitu ambacho hakuona. Kwa watu hao, sifa hiyo inazidi diploma. Sasa macho yamekwisha, akaamua kutumia yangu. Hakuniomba. Alinipa darubini siku ya tatu, nikiwa nimeshika ndoo.

Mbele ya jengo kulikuwa na miti sita ya sorbier, ile inayozaa vitunda vyekundu ambavyo watu hawali. Papa Prof alikuwa akimsubiri hapo ndege mmoja anayeitwa jaseur. Ndege huyu anaishi mbali kaskazini, kwenye misitu ya Uswidi na Urusi, na miaka mingi haji kwetu kabisa. Lakini mwaka ambao matunda yamekosekana kwao, wanashuka kusini kwa makundi, nchi baada ya nchi. Wanamaliza miti ya mji mmoja na kuhamia mwingine, na hakuna ajuaye wataishia wapi.

"Donc ni barefugié," nilimwambia.

"Ni bandege," alisema.

Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, tulikaa dirishani saa nzima, yeye kwenye kiti, mimi nimesimama. Kazi ilikwenda hivi:

"Iko nini?"

"Iko pigeon."

"Pigeon achana naye. Ingine?"

"Iko ule mweusi wa jana, anagombana na mwenzake."

"Merle. Na jaseur?"

"Haiko."

"Sema zéro."

"Zéro."

"Bon. Andika."

Nikaandika kwenye daftari lake: tarehe, saa, hali ya hewa, sifuri. Majira ya baridi ya kwanza yalipita hivyo, na ya pili vilevile. Nimefanya kazi nyingi Brussels, nimefagia ofisi za minara ya Gare du Nord watu wakiwa hawajaamka, lakini sijawahi kufanya kazi ambayo matokeo yake yalikuwa sifuri kila siku na bosi akaridhika. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunapoteza wino kwa kitu ambacho hakipo.

"Kama hatuandike zéro," alisema, "siku batakuja, nani atajua kama mbele ya ile siku habakukuwa?"

Nilienda kugeuza nguo kwenye mashine.

Mwaka wa tatu, mwishoni mwa Oktoba, habari zilianza kuingia kwenye kundi la WhatsApp la watazamaji wenzake. Nilimsomea ujumbe mmoja mmoja. Jaseur wameonekana Denmark. Wiki iliyofuata, Ujerumani kaskazini. Halafu Uholanzi, kwenye maegesho ya duka kubwa. Papa Prof akawa kama mtu anayengoja wakwe. Alinifanya nioshe dirisha mara mbili kwa wiki moja. Aliniuliza kama matunda ya sorbier bado ni mengi, na nilipomjibu kuwa ni mengi, alitaka kujua mti kwa mti.

Katikati ya hayo tukawa na miadi ya macho Woluwe-Saint-Lambert, kwenye hospitali ya chuo kikuu. Daktari alikuwa mama mpole. Alisema doa litaendelea kukua na hakuna sindano tena ya kulizuia. Papa Prof akasema merci. Tulirudi kwa metro, na tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake na koti mwilini.

Nilipika fufu, sombe, yaani kisamvu, na sambaza, samaki wale wadogo wa ziwa letu, niliowanunua Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, siku iliyotangulia. Hakugusa. Kesho yake hakugusa tena. Siku ya tatu nilimwekea chai, ikapoa mpaka ikafanya utando juu.

Sasa lazima nieleze jambo, kwa sababu mtu asiye wa kwetu ataniona nina wazimu. Kwetu Kivu, mtu haambiwi neno zito akiwa na njaa. Anaulizwa kwanza, "Umekula?" Anapikiwa, anakaa na watu, ndipo anaambiwa. Na yule ambaye neno zito limeshamfika akakataa chakula, unamtafutia neno jepesi la kumfungua tumbo. Unamwambia mtoto amefaulu, mgeni yuko njiani, mgonjwa ameketi mwenyewe. Hakuna anayeuliza kama ni kweli. Anakula, na mengine yatajulikana mbele ya safari. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonilea, na nilimwona akiwafanyia majirani wazima na akili zao.

Basi siku ile ya tatu, saa nne na robo, nikasimama dirishani na darubini. Kwenye sorbier hapakuwa na kitu ila kundi la étourneaux, wale ndege weusi wenye madoa wanaolala kwenye miti ya jiji zima. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Papa, biko hapa."

"Nini biko hapa?"

"Bajaseur."

Akainuka bila fimbo. "Ngapi?"

"Sept," nilisema, kwa sababu saba ni idadi ya heshima.

Aliniuliza juu ya kichwa. Nikamwambia ana kishungi. Mabawa? Nikasema yana vidoa vyekundu, kama mtu amepaka vernis ya kucha. Mkia? Ncha ya njano. Yote alinifundisha mwenyewe, nikamrudishia kama mwanafunzi mzuri. Alisimama pale na uso wake ukitazama pembeni ya mti, ili aukamate ule mti kwa kona ya jicho, na alikuwa anacheka bila sauti. Halafu akaketi mezani, akala sahani mbili, akaomba pilipili.

Nilifurahi sana. Nasema kweli, niliosha vyombo nikiimba.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba neno la kumfungulia mtu tumbo linabaki ndani ya nyumba. Nilipokuwa naosha sufuria, Papa Prof alichukua simu, akabonyeza kile kitufe cha sauti, akalitangazia kundi zima: jaseur saba, Laeken, miti iliyo mbele ya mlango wake.

Dakika arobaini baadaye, wanaume tisa na mwanamke mmoja walikuwa wamesimama kwenye njia ya miguu, wamevaa makoti ya mvua ya rangi ya udongo, kila mmoja na darubini ya miguu mitatu. Mmoja alikuwa ametoroka kazini, tai bado shingoni. Papa Prof alitaka kushuka. Tukashuka kwa lifti, yeye na sapatu zake za nyumbani, mimi na aproni.

Walimsalimia kwa heshima kubwa. Kisha mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu akasema, polepole sana, kwamba mpaka sasa wameona étourneaux tu. Akamuuliza kama yeye binafsi ndiye aliyewaona. Papa Prof akasema hapana, ni madame aliyewaona, naye ana macho mazuri. Watu kumi wakanigeukia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nilisema wameruka.

"Kuelekea wapi?" wakauliza kwa pamoja.

Nikanyoosha kidole. Kidole kiliangukia upande wa Atomium, ule mnara wa mipira ya chuma, na watu wazima kumi wakabeba miguu yao mitatu na kukimbia kuelekea Atomium. Yule mwenye tai alikuwa wa mbele.

Walizunguka bustani za kule mchana kutwa. Ilinyesha. Saa kumi hivi kengele ya mlango ikalia, na alikuwa yule mzee wa kofia ya sufu, maji yanamchuruzika puani. Alisema hawakubahatika, ila alitaka kunishukuru binafsi kwa kuwa macho ya rafiki yake, maana wote walikuwa wameogopa kwamba ataacha. Akanipa pakiti ya biskuti za speculoos, akashika lifti akaenda zake.

Niliiweka ile pakiti mezani, nikaketi mbele ya Papa Prof, kando kidogo ili anione.

"Papa, mumekula?"

Akajua. Ni mtu wa Bukavu. Aliweka mikono yake juu ya meza.

"Sema tu," alisema.

Nikasema. Niliongea haraka, nikaeleza juu ya sombe, juu ya chai yenye utando, juu ya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho na hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na zile zéro?"

"Zéro gani, papa?"

"Zote. Ya ule mwaka, na ule mwingine. Ilikuwa zéro ya kweli?"

Niliwaka. Nilimwambia nilisimama saa nzima kila siku na shingo inauma, nilimwambia sijawahi kuruka hata dakika. Alitikisa kichwa tu. Nikaendelea kubishana, na katikati ya maneno yangu mwenyewe nikanyamaza, kwa sababu swali lile nililifahamu. Niliwahi kuliuliza mimi.

Mama yangu alipougua Bukavu, dada yangu alikuwa akiniambia kwenye simu kila siku kwamba maman anaendelea vizuri. Leo amekunywa uji. Leo ameketi nje kwenye jua. Sikusafiri, kwa kuwa mtu anayekunywa uji na kuota jua hana haja ya kusafiriwa. Jumamosi moja asubuhi dada akapiga, akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kula kwanza, nitarudia." Nilikula mkate na chai yote, nikijua, nimekaa peke yangu jikoni. Baada ya mazishi nilimuuliza dada, na ile siku ya uji, alikunywa kweli? Na ile siku ya jua? Hakunijibu. Mpaka leo sina hata siku moja ya zile wiki ambayo nina hakika nayo. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka, na hasira yote hiyo haikunifundisha kitu.

Papa Prof aliniagiza niandike ujumbe kwa kundi. Aliutamka neno kwa neno: jaseur wa leo wa Laeken ni kosa langu, tafadhali futeni. Nikamwambia aseme ni kosa langu mimi. Akasema, "Jina ni yangu." Nikautuma. Hakuna aliyemjibu kwa ubaya. Wengi hawakujibu kabisa, na kwa mtu aliyetazama ndege nao miaka arobaini hiyo ndiyo iliyouma.

Kisha akaniambia nilete daftari, nizikate sifuri zote zilizoandikwa kwa macho yangu. Kwa kuwa yeye haoni, ilibidi nizikate mwenyewe. Ningeweza kuchora mistari hewani, asingejua. Nilikata kila moja kwa rula, ukurasa kwa ukurasa, na nililia kwa uchungu wa mtu anayedhulumiwa kwa haki.

Nilitegemea aombe msaidizi mwingine. Hakuomba. Alikula nilichopika, aliniambia merci, aliniuliza habari za wanangu. Ila saa nne ikifika alikaa kiti cha sebuleni, mgongo kwa dirisha, akisikiliza redio. Hakuniuliza tena iko nini.

Mimi ni mbishi, nadhani hilo limeshaonekana. Saa nne nilifungua dirisha, nikavaa koti, nikasimama saa yangu nzima. Mwisho nilisema kwa sauti, "Zéro." Yeye aliongeza sauti ya redio. Mwisho wa wiki sikuwa kazini, lakini naishi mitaa miwili kutoka pale, kwa hiyo nilikwenda kusimama chini ya ile miti na mfuko wa mboga mkononi, na Jumatatu nilimwambia, "Samedi zéro, dimanche zéro." Mwanamke wa ghorofa ya kwanza alianza kunisalimia kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa. Étourneaux na merle walikula matunda. Huko Uholanzi jaseur walikuwa bado kwenye yale maegesho, wakapigwa picha mpaka wakachosha. Hawakushuka.

Mwishoni mwa Januari Papa Prof alishikwa na homa ya mapafu, wakamlaza kulekule Woluwe. Shirika likanipa wazee wengine wawili. Niliendelea kupita kwenye miti asubuhi, halafu jioni baada ya kazi nilikwenda hospitali, na kila jioni nilisema zéro kwa mtu aliyelala na mpira wa oksijeni puani, macho amefumba. Manesi walidhani ni sala.

Jioni ya wiki ya pili nilimkuta binti yake kwenye korido. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinivuta kando akaniambia kwa Kifaransa kwamba madaktari hawana matumaini tena, labda siku mbili, labda tatu. Baba yake ameamka mchana na ameuliza kama maman wa Laeken, yaani mimi, atakuja. Akanishika mikono yote miwili. "Mwambie wamefika," alisema. "Hata mmoja tu. Nakuomba. Itamgharimu nani?"

Binti huyu alizaliwa Brussels na Kiswahili chake hakimalizi sentensi, lakini nilimwangalia nikaona ni wa kwetu kabisa. Nilimpenda sana dakika ile, na nilitamani kumtii.

Tuliingia. Nilisimama kando ya kitanda, mahali ambapo angeniona.

"Leo?" alisema Papa Prof.

Hakuwa ameniuliza tangu Novemba. Binti yake, upande wa pili wa kitanda, alikuwa ananiitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, machozi yakimdondoka kwenye shuka.

"Zéro, papa."

Binti akaugeukia ukuta.

"Na jana?"

"Zéro."

Alivuta pumzi kwa muda mrefu. "Tangu novembre?"

"Zéro. Hakuna hata moja."

"Uliangalia kila siku?"

"Kila siku." Halafu nikasema, "Isipokuwa dimanche mbili. Chorale ya Liège ilikuja kuimba ku kanisa, tukachelewa kutoka, giza ikakuwa imeingia. Hizo mbili nilisema zéro, lakini sikuangalia."

Niliona uso wake unageuka. Aliuelekeza kwenye ukuta, juu ya bega langu, yaani alikuwa ananitazama.

"Hizo mbili si zéro," alisema. "Zéro ni ya muntu aliangalia. Hizo uweke trait, mustari tu." Alipumzika. "Zingine, andika. Na zile ulikata, uandike tena."

"Zote?"

"Zote. Zilikuwa za kweli."

Nililia mbele yao bila kujificha. Daftari lilikuwa Laeken, kwa hiyo binti yake alitafuta kwenye mkoba wake, akapata bahasha ya hospitali na kalamu, akanipa bila kuniangalia. Niliegemea meza ya chakula ya mgonjwa, nikaandika sifuri ya kwanza. Ilitoka kama yai. Papa Prof alisikia kalamu inasimama, akauliza kama nimeweka tarehe.